Usiku Rodri Alipowekwa Benchi: Uchambuzi wa Ubishi Mmoja Mjini Lamu

Jumamosi ya tarehe 29 Mei 2021, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya baina ya Manchester City na Chelsea ilianza saa nne kamili za usiku kwa saa zetu, na saa nne kamili za usiku ndiyo iliyokuwa saa ya kafyu Kenya nzima. Aliyetaka kuitazama pamoja na wenzake mjini Lamu alilazimika kuamua mapema atalala nyumba ya nani, kwa maana kutoka hakukuruhusiwa tena mpaka saa kumi za alfajiri. Ndivyo watu tisa tulivyojikuta tumefungiwa katika nyumba moja ya mawe mtaani Mkomani, wiki mbili na siku kidogo baada ya Idi, tukiwa na birika mbili za kahawa, sahani ya tende, na ubishi ambao haukuwa na pa kwenda ila kuzunguka humo humo ndani.

Nimeona ubishi ule unastahili kuandikwa kama kisa, kwa kuwa ni mara chache mabishano ya mpira hukaa mahali pamoja muda wa kutosha hata hoja zikaonekana mifupa yake. Barazani, mtu akiona anaelekea kushindwa hukumbuka kuwa ana shughuli, huaga, na kesho yake huanza upya kana kwamba jana hakujibiwa. Usiku ule hakuna aliyeweza kuaga. Niseme pia, kabla sijaendelea, kwamba mimi ni wa Arsenal, timu iliyomaliza ligi ya msimu ule katika nafasi ya nane, kwa hiyo sikuwa na cha kupata wala cha kupoteza katika fainali ile isipokuwa usingizi.

Waliokuwemo

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye hashabikii timu yoyote lakini hutazama mechi zote, na ambaye sote twamwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Mpwa wake, kijana aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni Mombasa, ni wa City tangu utotoni, yaani tangu City walipoanza kushinda. Upande wa Chelsea uliongozwa na fundi seremala anayechonga milango, mtu wa maneno machache anayeyatumia kama patasi. Wa nne ni nahodha wa boti ya abiria ya Mokowe, shabiki wa Liverpool, ambaye kwa kawaida hamwombei mema Pep Guardiola, kocha wa City, lakini usiku ule alijitwika kazi ya kumtetea kwa sababu tu wengine wote walikuwa wamekwisha kumhukumu. Sisi watano waliobaki tulikuwa wasikilizaji na wanywaji wa kahawa.

Kikosi kilipotangazwa, ilikuwa haijatimia saa tatu. Kijana alikisoma kwenye simu yake kwa sauti: Ederson golini, Walker, Stones, Dias na Zinchenko nyuma, Bernardo Silva, Gündoğan na Foden katikati, Mahrez, De Bruyne na Sterling mbele. Akasita, akakisoma tena kimya kimya huku midomo ikicheza, kama mtu anayehesabu chenji aliyorudishiwa dukani.

"Mjomba, Rodri hayumo."

"Na Fernandinho?"

"Naye hayumo. Wako benchi wote wawili."

Uzito wa habari ile unahitaji kuelezwa. Rodri na Fernandinho ndio waliokuwa viungo wakabaji wa City, yaani wanaokaa katikati mbele ya mabeki kuwalinda, na msimu ule ilikuwa nadra mno kuiona timu ile ikianza mechi bila ya mmoja wao. Fernandinho ndiye aliyekuwa nahodha wa timu. Katika nusu fainali dhidi ya Paris Saint-Germain, Rodri alianza kule Paris na Fernandinho akaanza kule Manchester, na katika mechi zote mbili mwenzao wa katikati alikuwa İlkay Gündoğan. Huyo Gündoğan ndiye aliyemaliza msimu akiwa kinara wa mabao wa City katika ligi, mabao 13, idadi kubwa kwa kiungo, na aliyapata kwa sababu kuna mtu aliyebaki nyuma yake akilinda mlango wakati yeye anapenya kwenye eneo la hatari akiwa amechelewa makusudi. Sasa, katika mechi kubwa kuliko zote, aliyezoea kupenya ndiye aliyewekwa alinde.

Ubishi wa kabla ya mpira kuanza

Kijana alianza na historia, na historia aliijua vizuri. Alikumbusha kwamba mwezi Aprili 2018, walipokwenda Anfield kwa Liverpool katika robo fainali, Guardiola alimwacha Sterling nje akamwanzisha Gündoğan, wakafungwa 3–0. Alikumbusha robo fainali ya Agosti 2020 mjini Lisbon, ambapo kocha aliingia na mabeki watatu wa kati dhidi ya Lyon, timu ambayo City wangeiheshimu kwa kucheza mchezo wao wa kila siku tu, wakafungwa 3–1. Hitimisho lake alilitoa kwa Kiamu cha nyumbani, ambacho chuo hakijamwondolea: kocha huyu mechi ikiwa kubwa huwaza hata akapotea ndiya.

Nahodha hakukana hata moja katika hayo. Alichofanya ni kuleta historia nyingine. Alisema kocha huyo huyo, tarehe 2 Mei 2009 akiwa na Barcelona, alimtoa Messi pembeni akamweka katikati kama namba tisa asiye namba tisa, ugenini kwa Real Madrid, na mechi ikaisha 6–2. Siku ile hakuna aliyesema amewaza kupita kiasi. Jaribio likifaulu huitwa ujuzi, alisema, likishindwa huitwa wazimu, na mtu ni yule yule na kichwa ni kile kile.

Kisha akaleta hoja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote zilizotolewa kabla ya mpira kupigwa. Chelsea walikuwa chini ya Thomas Tuchel, aliyechukua timu Januari mwaka ule, na tangu hapo walikuwa wamekutana na City mara mbili wakawashinda mara zote mbili. Tarehe 17 Aprili, nusu fainali ya Kombe la FA, Chelsea walishinda 1–0, na siku hiyo Rodri na Fernandinho walianza wote wawili. Tarehe 8 Mei, katika ligi, Chelsea walishinda 2–1 Manchester kwenyewe, na siku hiyo Rodri alianza.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "dawa umeinywa mara mbili na homa haijashuka. Tabibu akibadilisha dawa, unamlaumu?"

"Asiibadilishe siku ya kufa," alisema fundi, bila ya kuinua macho kwenye kikombe chake.

Tulicheka, lakini fundi hakuwa amefanya mzaha. Alikuwa akisema kwamba kuna tofauti kati ya kubadilisha na kubadilisha bila ya kujaribu kwanza. City walikuwa wamekwisha kuutwaa ubingwa wa ligi na bado walikuwa na mechi za kucheza mwezi ule wa Mei. Mpango wa kucheza bila ya mkabaji dhidi ya timu yenye mashambulizi ya kushtukiza ungeweza kupimwa katika mechi ambayo kuipoteza hakuna gharama. Nahodha alijibu kwamba jambo la kushtukiza ukilionyesha mapema halishtukizi tena. Hapo walifika ukutani wote wawili, na bahati nzuri timu zikaingia uwanjani.

Bao tulilolisikia kabla ya kuliona

Nusu saa ya kwanza ilipita kila mmoja akiitafsiri kwa upande wake. Timo Werner alipata nafasi nzuri akazipoteza, kijana akashukuru Mungu na fundi akashika kichwa. Foden alipata nafasi ndani ya eneo la hatari, Rüdiger akajitupa akauzuia mpira. Gündoğan alionyeshwa kadi ya njano dakika ya 35, jambo ambalo wakati ule tulilipita bila ya kulitia maanani. Dakika nne baadaye Thiago Silva, beki wa Chelsea, aliumia akatoka, akaingia Christensen, na kijana akaanza kusimama badala ya kukaa.

Nyumba ile ilikuwa ikiipokea mechi kwa intaneti, na picha ilikuwa ikichelewa nyuma ya wale wenye dekoda. Nyumba za Mkomani zimeegemeana, vichochoro vyake ni vyembamba, na usiku wa kafyu mji ulikuwa kimya kiasi cha kumsikia punda akikwaruza kwato kwenye sakafu ya kichochoro. Dakika ya 42, mpira ukiwa bado mguuni mwa Ben Chilwell karibu na mstari wa kushoto, mahali ambapo hapana hatari yoyote, nyumba za nyuma yetu zililipuka kwa makelele. Tukajua kuna bao, na kwa kuwa mpira ulikuwa kwa Chelsea, tukajua ni la nani. Kijana akaketi kabla hajaona chochote.

Ilitokea basi kwamba tulilitazama bao lile kwa namna ambayo mashabiki ni nadra kuitazama. Hatukuwa tukingoja kuona kama litafungwa. Tulikuwa tukingoja kuona litapitia wapi, na macho ya watu tisa yalikuwa yameacha mpira yanatafuta tundu. Chilwell aliusukuma mpira ndani kwa pasi moja hadi kwa Mason Mount. Mount aliupokea akiwa na nafasi ya kugeuka, na hakuna kiungo wa City aliyekuwa mgongoni mwake. Mbele yake Werner alikimbia kuelekea kushoto, Rúben Dias akamfuata, na pale Dias alipotoka pakabaki uwazi kati yake na Zinchenko. Kai Havertz alikuwa ameanza kukimbilia uwazi ule kabla haujafunguka vizuri. Pasi ya Mount ikapenya, Ederson akatoka, akaugusa mpira, mpira ukamrudia Havertz, naye akausindikiza katika goli tupu.

"Pale!" alisema fundi, kidole kikiwa bado kinaelekea kwenye runinga. Hakuwa akionyesha goli. Alikuwa akionyesha mahali alipogeukia Mount.

Kete na kokwa

Wakati wa mapumziko Mwalimu alileta mfuko wa kete za bao. Fundi akapanga kete kumi na moja juu ya mkeka ziwe City, na kokwa kumi na moja za tende ziwe Chelsea, nazo hazikuwa na upungufu kwani tulikuwa tumezila tangu magharibi. Akairudia safari ya mpira ule polepole, kokwa moja baada ya nyingine, hata akafika kwa Mount. Akaweka kidole kwenye nafasi iliyo wazi mbele ya kete za mabeki wa kati na kuuliza ni nani anayekaa hapa kila Jumamosi. Kijana akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni Rodri.

Nahodha aliomba zamu. Alichukua kete moja ya ziada kutoka mfukoni, akaiweka pale pale penye kidole cha fundi, akasema haya, huyu Rodri wenu amekuja. Kisha akamkimbiza Werner kushoto, akamvuta Dias, akamkimbiza Havertz, na kuuliza Rodri amefanya nini kumzuia Havertz. Beki wa kati ameufuata mwito wa mshambuliaji na beki wa kushoto hakumfuata mkimbiaji wake. Pengine Mount angebanwa, pengine pasi ingechelewa nusu sekunde, lakini kosa la mwisho ni la mabeki, na mabeki wale wanne hakuna aliyewalalamikia kikosi kiliposomwa.

Ilikuwa hoja nzuri, na ilimnyamazisha fundi kwa muda. Aliyeijibu ni Mwalimu, na aliijibu kwa kazi ya nahodha mwenyewe. Alimuuliza kuhusu mashindano ya mashua yanayofanyika hapa Lamu, ambapo mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa upepo ili kukizuia chombo kisilale. Je, nahodha anaweza kumtoa mtu mmoja kwenye ubao akamleta hodari zaidi wa kushughulikia tanga, ili chombo kiende kasi?

"Naweza," alisema nahodha, "upepo ukiwa mdogo."

"Na Chelsea ni upepo mdogo?"

Nahodha alicheka kuliko sote. Lakini hakubadilisha msimamo, na nadhani alikuwa na haki ya kutoubadilisha, kwa kuwa mfano ni mfano tu, na mpira wa miguu hauna upande mmoja wa upepo.

Kipindi cha pili kilikwenda kama inavyojulikana. Dakika ya 60 Kevin De Bruyne, aliyekuwa amevaa kitambaa cha unahodha, alitoka akilia baada ya kugongana na Rüdiger, akaingia Gabriel Jesus. Dakika ya 64 Fernandinho aliingia mahali pa Bernardo Silva. Dakika ya 77 Agüero aliingia mahali pa Sterling, ikiwa ndiyo mechi yake ya mwisho kwa City. N'Golo Kanté wa Chelsea alikuwa kila mahali, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Zikaongezwa dakika saba, Mahrez akapiga juu ya mwamba, na Chelsea wakawa mabingwa kwa bao lile moja. Fundi hakushangilia. Aliomba udhu.

Kilichobishaniwa hasa

Kuanzia hapo hadi saa kumi ubishi uliendelea, na nikirudi kuupima naona kwamba wengi wetu tulikuwa tukijibizana juu ya maswali tofauti tukidhani ni moja. Kijana alikuwa akiuliza kama City wangefungwa iwapo Rodri angekuwepo. Nahodha alikuwa akiuliza kama kocha alikuwa na sababu ya haki ya kuamua alivyoamua, kwa kadiri alivyojua saa mbili usiku. Mtu anaweza kukosea katika la kwanza na kupatia katika la pili, na watu wawili wanaweza kukesha wakigombana hali wote wamesema kweli.

Swali la kijana halina jibu la yakini, na mechi mbili za nyuma zinamdhoofisha, kwani wakabaji walikuwepo na City walifungwa. Ila mechi zile si ushahidi mzito kama nahodha alivyotaka ziwe. Tarehe 17 Aprili golini alikuwa Steffen, si Ederson. Tarehe 8 Mei De Bruyne na Foden hawakuanza. Vikosi vile vilikuwa vimechanganywa, na kusema kwamba Rodri alijaribiwa dhidi ya Tuchel akashindwa ni kumtwika mtu mmoja mzigo wa timu ambayo haikuwa timu yenyewe. Dawa ilinywewa, ndiyo, lakini nusu kijiko.

Nahodha alikuwa na hoja nyingine aliyoirudia kila alipobanwa, kwamba kocha huona mazoezi ya wiki nzima na sisi tumeona majina tu. Hii siikubali. Ikikubalika, basi hakuna uamuzi wowote wa kocha yeyote unaoweza kusemwa vibaya, na baraza zote za pwani zifungwe. Fundi alimjibu vizuri zaidi kuliko ninavyoweza: mlango ukikwama, mteja hahitaji kuwa seremala ili ajue kwamba umekwama.

Lakini nafikiri sote tisa, pamoja na fundi na kidole chake, tulikosea jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike. Bao huvuta macho. Kwa sababu City walifungwa kwa kupitia mahali ambapo mkabaji angesimama, tulikesha tukijadili ulinzi, kana kwamba kikosi kile kilichaguliwa kulinda. Hakikuchaguliwa kulinda. Guardiola mwenyewe alieleza baada ya mechi kwamba alichagua wale aliowaona wanafaa zaidi kuishinda mechi, na mpango wenyewe ulionekana wazi: wachezaji wengi wenye miguu laini katikati, mpira ubaki kwao, Chelsea wasiuone. Kikosi cha kushambulia hupimwa kwa mashambulizi. Na katika dakika zote tisini na saba, City walipiga shuti moja tu lililolenga goli.

Hapo ndipo hesabu ya Gündoğan inapogeuka. Tulisema kumweka nyuma kulipunguza ulinzi, kwa kuwa yeye si mkabaji. Ni kweli, na kadi yake ya dakika ya 35, ile tuliyoipita, ilimaanisha kwamba mlinzi pekee wa katikati alibaki na karibu saa nzima ya kukaba kwa tahadhari. Lakini hasara kubwa ilikuwa mbele. Mwenye mabao 13 ya ligi alifungwa kamba mbali na goli, na hakuna mwingine katika kikosi kile aliyekuwa na mazoea ya kuingia kwenye eneo la hatari kutoka nyuma bila ya kuonekana. Foden na Bernardo Silva wanapenda mpira uje miguuni. De Bruyne aliwekwa kuwa kama mshambuliaji asiye mshambuliaji, akawa mara nyingi na mgongo wake golini, naye ni mtu anayehitaji kulitazama goli. Sterling, ambaye fomu yake ilikuwa imeshuka miezi ile, alikutana na Reece James na hakupita. Kwa kumwondoa mkabaji mmoja, kocha hakupata mshambuliaji wa ziada. Alimpoteza aliyekuwa naye.

Kuna tukio dogo linaloniunga mkono, na usiku ule lilipita bila ya mtu kulitaja. Dakika chache baada ya Fernandinho kuingia na kukaa nyuma, krosi ilipigwa kutoka pembeni, na Azpilicueta aliuokoa mpira mbele kidogo tu ya mguu wa mchezaji wa City aliyekuwa amefika golini kuumalizia. Mchezaji huyo alikuwa Gündoğan. Alikuwa amefunguliwa kamba, akaenda pale anapokwendaga.

Ndiyo maana lawama yangu kwa kocha haiko saa mbili na robo tatu usiku, kikosi kilipotoka. Kufikia wakati ule, nahodha ana haki: palikuwa na sababu, palikuwa na vipigo viwili vya kujifunza kwavyo, na kocha hulipwa ili achague. Lawama yangu iko kwenye mapumziko. Kufikia hapo mpango ulikuwa umekwisha kuonekana: Chelsea hawakunyimwa mpira walipouhitaji, goli la Mendy, kipa wa Chelsea, halikutishwa, na bao lilikuwa limeingia. Badiliko lililofanywa dakika ya 64, na ambalo nadhani lilikuwa sahihi, lingeweza kufanywa dakika ya 46, De Bruyne akiwa bado uwanjani na uso wake mzima. Nahodha alisema kocha hawezi kukiri kosa mbele ya wachezaji wake dakika ya 46 ya fainali. Mwalimu, ambaye alifundisha kwa miaka mingi, alisema kukiri mapema mbele ya wanafunzi huuma mara moja tu.

Baada ya hapo

Saa kumi ilipofika, mlango ulifunguliwa tukatoka. Kijana alikuwa amelala juu ya mkeka kando ya kete, na fundi akaruka juu yake kwa uangalifu ili asiharibu kikosi.

Tarehe 10 Juni 2023 City walirudi fainali, safari hii mjini Istanbul, ambako fainali ile ya 2021 ilipangwa kuchezwa kabla ya korona kuihamishia Porto. Wapinzani walikuwa Inter. Rodri alianza, John Stones akawa anapanda kutoka kwenye ulinzi kumsaidia, na Gündoğan, akiwa sasa ndiye nahodha, alikuwa amerudishwa mbele. De Bruyne aliumia tena akatoka, safari hii kabla ya mapumziko. Mechi iliisha 1–0, na bao lilifungwa dakika ya 68 na Rodri mwenyewe, kwa mpira uliorudishwa nyuma na Bernardo Silva. Mwaka uliofuata alipewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Tulikuwa kwa Mwalimu usiku huo pia, na runinga bado ilikuwa ikichelewa, kwa hiyo bao la Rodri nalo tulilisikia kwanza. Kijana alimgeukia nahodha kabla hata mpira haujafika kwa Bernardo Silva. Nahodha alimsubiri amalize kuruka, akamwambia kwamba City wamecheza na Inter, hawakucheza na Chelsea ya Tuchel, na kwamba amlete Kanté kwanza ndipo wazungumze.